Fishie moja, mahali pamoja, rakursi mingi: jibu kwa dada wa sekreteria pa Nyawera

Dada moja wa Bukavu ameniandikia, nafupisha kidogo juu mesaji yake ilikuwa ndefu: «Kaka, jambo. Niko na sekreteria kidogo hapa Nyawera, mashini mbili na imprimante moja. Wanafunzi wananiletea TFC na memware (kazi za kumaliza masomo), wengine CV, barua za kuomba kazi, faktire. Sasa fishie moja unaikuta ku biro (ekrani ya kwanza ya mashini), unaikuta mu Documents, unaikuta tena mu Téléchargements, na kila moja iko na jina yake: TFC final, TFC final final, TFC final corrigé 2. Juzi nimeimprime ile ya zamani, kurasa zote, mwenyewe akakataa kulipa. Kijana mwenye kunisaidia akasema nitumie rakursi. Nikaweka rakursi mu flashi nikaenda nayo ku mashini ya pili, ikakataa kufunguka. Hizi rakursi zinasaidia kweli ao ni bure?»

Jambo dada, na pole kwa ile karatasi yote na wino. Zinasaidia, tena sana, ila huyo kijana amekuambia nusu ya habari akaenda zake.

Rakursi haibebi fishie. Ni kafishie kadogo sana, mara nyingi uzito wa Ko 1 ao 2 (karibu Ko elfu moja njo Mo moja), ndani mumeandikwa tu njia ya kufika ku fishie yenyewe: disk gani, dosie gani, jina gani. Ni sawa na kumuelekeza mutu nyumba, umemupa njia, haujamupa nyumba. Sasa we umechukua ile njia ukaitia mu flashi ukaipeleka ku mashini ingine yenye haina ile disk wala ile dosie, ingefika wapi? TFC yenye kuwa na mapicha inaweza kuwa na Mo 15, kama umeitia mu flashi na flashi inakuambia umeweka Ko 2, ujue haujabeba kitu. Na alama iko wazi, kale kamushale kadogo chini upande wa kushoto wa ikoni. Kamushale iko, ni rakursi. Kamushale haiko, ni fishie yenyewe, hapo uwe na mukono mwepesi. Usitafute kuitambua ku mwisho wa jina juu ile «.lnk» Windows inaifichaka, hata ukimuomba akuonyeshe extension ya kila fishie hiyo moja hataionyesha, ni vile tangu Windows 95.

Kwa hiyo shida yako si kukosa rakursi. Shida yako ni kopi. Kila mara kazi inakuwa mbali unaikopie karibu, na tangu ile dakika uko na fishie mbili zenye hazijuane, unakorije moja, ingine inabaki na makosa yake, kiisha wiki mbili unaimprime ile yenye makosa. Rakursi inakuja kuchukua nafasi ya ile kopi: fishie inalala mahali pamoja tu, kiisha unaweka njia za kuifikia popote unapenda, kumi hata makumi mawili, na popote utapitia utaangukia ku fishie ileile. Ukikorije kupitia rakursi umekorije yenyewe, hakuna ingine.

Sasa tufanye kwa mashini yako. Ingia mu disk D kama iko, kama haiko basi mu Documents, utengeneze dosie moja inaitwa KAZI. Ctrl+Maj+N inakupa dosie mupya palepale, bila kutafuta mu menu. Mu KAZI utie dosie za aina ya kazi zako: TFC, CV, BARUA, FAKTIRE, basi. Mu TFC kila mwanafunzi awe na dosie yake. Usichimbe zaidi ya hapo, watu wengine wanatengenezaka dosie mu dosie mu dosie mpaka njia inakuwa ndefu na Windows inaanza kukataa kukopie, juu kwa programu mingi njia yote pamoja na jina haipaswi kupita alama 260. Na mu majina ya kifaransa ya TFC hapo si mbali, kuna wenye wanaandika sujet nzima kama jina ya fishie!

Hiyo KAZI njo nyumba ya kila kitu. Ku biro hakuna fishie itakaa tena. Ku biro utaweka dosie mbili, moja LEO, ingine DENI, na mu hizo mbili mutakuwa rakursi tu, hata fishie moja isiingie.

LEO ni kazi zenye ziko mu mukono. Mwanafunzi ameleta sura ya pili, unaiweka mu KAZI, TFC, dosie yake, kiisha unatuma rakursi yake mu LEO. Asubuhi unafungua LEO unaona kazi saba, unajua ni saba. Moja imeisha, unafuta rakursi yake mu LEO, fishie haijaguswa, iko mu nyumba yake inalala. DENI ni ileile akili: mutu amechukua kazi akasema atalipa mwisho wa mwezi, unatia rakursi ya kazi yake mu DENI, akilipa unafuta. Unaona, fishie moja sasa inaonekana mu dosie ya mwanafunzi, mu LEO na mu DENI mara moja, na haujafanya kopi hata moja. Mimi hiyo DENI njo naipenda kuliko yote, juu daftari ya madeni watu wanasahauka kuifungua lakini biro unaiona kila siku utake usitake.

Namna ya kutengeneza rakursi. Kuna njia ya kila mutu: kliki ya kuume juu ya fishie, «Envoyer vers», kiisha «Bureau (créer un raccourci)». Ku Windows 11 lazima kwanza ukliki «Afficher d'autres options», wameificha kidogo. Lakini hiyo inaitupa ku biro, na we unaitaka mu LEO. Kwa hiyo fanya hivi: shika fishie na suri, finya Alt ku klavie uishikilie, kokota mpaka juu ya LEO, achilia suri kwanza, Alt nyuma. Imekuwa rakursi. Bila Alt, ukikokota mu disk ileile fishie inahama kweli, ukikokota toka disk moja kuenda disk ingine ao flashi inajikopie, na hapo njo watu wengi wanapotezaka fishie ao wanazaa kopi bila kujua, mukono uleule lakini matokeo mbili tofauti. Kama unaogopa kuchanganya, kokota na butoni ya kuume ya suri badala ya ya kushoto, ukiachilia Windows inakuuliza: kopi, kuhamisha, ao rakursi. Unachagua kwa macho yako.

Rakursi ikijitengeneza inaweza kujiita «TFC fulani - Raccourci». Finya F2 uipe jina yenye unataka, hata «haraka sana, anakuja saa kumi». Kubadilisha jina ya rakursi haina neno hata kidogo. Kubadilisha jina ya fishie yenyewe ao ya dosie yenye iko ndani, hapo ndiyo kuna neno, juu njia yenye imeandikwa mu rakursi inakuwa ya uongo. Windows inajaribuka kuitafuta yenyewe kama umeihamisha mu disk ileile, mara ingine inaipata, mara ingine inakufungulia kadirisha ya kukuambia fishie imehama na inauliza kama ufute rakursi. Usiweke imani yako hapo. Zile dosie za juu, KAZI, TFC, CV, ukizipa jina leo ziache na ile jina.

Na ukiwa mu LEO, umefungua rakursi, unataka kujua fishie inakaa wapi, usikisie: kliki ya kuume, «Ouvrir l'emplacement du fichier», inakupeleka moja kwa moja ku nyumba. Hiyo njo utatumia pia mwenyewe akikuja na flashi kuchukua kazi yake: fika ku fishie yenyewe, kopie ile, utie mu flashi. Kama ungefanya hivyo ile siku ya mashini ya pili ingefunguka.

Juu ya majina sasa. «Final» itoke mu nyumba yako. Hakuna TFC ya final mpaka mwanafunzi ametetea, na hata hapo jury inaweza kumurudisha na makorekisho. Andika v01, v02, v03, na sufuri mbele juu bila sufuri kuna programu zitaweka v10 mbele ya v2. Ao andika tarehe, mwaka kwanza: 2025-06-14, ikiwa hivyo fishie zinajipanga zenyewe toka ya zamani kufika ya mupya. Usijaribu 14/06/2025, Windows inakatalia ile alama mu jina, inakatalia pia nukta mbili, nyota na alama ya kuuliza. Ukiwa mu Word, F12 inakufungulia «Enregistrer sous» palepale, unapandisha v03 kuwa v04, unaendelea. Halafu zile za zamani unazikokota mu kadosie kamoja ndani ya dosie ya mwanafunzi, jina ZAMANI, na rakursi ya mu LEO unaitengeneza upya ionyeshe v04. Kama unaona hiyo ni kazi mingi, weka mu LEO rakursi ya dosie ya mwanafunzi badala ya rakursi ya fishie, haitabadilika tena, utaingia ndani uchukue yenye namba ya juu. Kwa sekreteria mimi naona hii ya pili njo nzuri.

Kuna vidude vingine viwili vyenye watu hawavijuaka. Cha kwanza: finya touche ya Windows pamoja na R, andika shell:sendto, Entrée. Inafunguka dosie, mutie rakursi ya TFC, ya CV, ya BARUA. Tangu hapo ukifanya kliki ya kuume juu ya fishie yoyote kiisha «Envoyer vers», utazikuta mule. Kliyenti anatuma CV kwa WhatsApp, inaangukia mu Téléchargements, kliki ya kuume, Envoyer vers, CV, imeenda. Jua tu, kama ni disk ileile inahamisha, kama ni disk ingine inakopie, na hapo ile ya mu Téléchargements uifute, usianze tena michezo ya fishie mbili. Cha pili, dosie KAZI yenyewe ifanyie kliki ya kuume, «Épingler à Accès rapide», itakaa upande wa kushoto kila ukifungua dirisha na Windows+E, na ukiwa unaenrejistre mu Word ile dirisha ya zamani ya kuenrejistre inakuonyeshaka pia huko kushoto.

Klavie pia inaweza kufungua rakursi. Ku biro, rakursi ya KAZI, kliki ya kuume, «Propriétés», kuko kisanduku «Touche de raccourci», ukliki ndani ufinye K, inajiandika Ctrl+Alt+K. Inatembea kama rakursi inakaa ku biro ao mu menu Démarrer, mu dosie ingine haisikii. Na kwa sisi wa AZERTY (klavie ya kifaransa), usichague E, juu AltGr kwa mashini ni sawa na Ctrl+Alt, na AltGr+E njo inatoa alama ya euro, utataka kuandika bei mu faktire dosie inakurukia usoni.

Zingine za klavie nazitaja mbiombio: Alt na mushale wa juu inakupandisha dosie moja, Alt na mushale wa kushoto inakurudisha kwenye ulitoka, F2 kupa jina na ukifinya Tab inaruka ku fishie yenye inafuata bila kutoka, Alt+Entrée kuona uzito na tarehe, Ctrl+Z inarudisha hata fishie yenye umehamisha kwa makosa. Ile Maj+Suppr iache kabisa, haipiti mu Corbeille, ukifuta hivyo umefuta, na mu LEO mwenye unafutaka kila siku unaweza kuzoea vibaya. Suppr ya kawaida inatosha.

Sasa nije ku flashi, juu hapa Bukavu flashi ya mwanafunzi imepitia mashini ya shule, ya rafiki, ya cyber, inakuja kwako na dunia nzima ndani. Usifungue kazi toka mu flashi ukaikorije mulemule. Na usifanye rakursi ya fishie ya mu flashi, kesho mutu mwingine anatia flashi yake inachukua herufi E: ileile, rakursi yako inatafuta mu flashi ya mutu. Kopie mu KAZI mara moja, ondoa flashi, fanya kazi, mwishoni urudishe kopi.

Na siku moja utafungua flashi ukute dosie zote zimekuwa na kamushale, Ko 1, Ko 2. Mwenyewe ataanza kulia memware imepotea. Hakuna kitu imepotea mara nyingi, ni virusi: imeficha dosie za kweli, ikaweka rakursi zenye jina ileile, na ile rakursi kabla ya kukufungulia dosie inaendesha kwanza programu yake mu mashini yako. Kwa hiyo USIKLIKI mara mbili uone. Kliki ya kuume, Propriétés, angalia «Cible»: rakursi nzuri inaonyesha njia ya dosie ao ya programu unaijua, ile mbaya mara nyingi inaanza na cmd.exe ao wscript.exe na maneno marefu nyuma. Pitisha antivirusi ku flashi kwanza. Kiisha Windows+R, andika cmd, Entrée, na mule uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

E uibadilishe kama flashi yako iko na herufi ingine, na ile mukwaju wa kuangalia nyuma ku AZERTY ni AltGr na 8. Dosie zitarudi kuonekana, ukopie fishie za mwenyewe tu, zile rakursi za virusi uzifute, flashi uiformate. Kuna wenye wanaona hiyo wanaformate palepale mbele ya kila kitu, wanamaliza memware ya mutu na mukono wao wenyewe.

Kwa mashini yako ya pili hauhitaji flashi hata kidogo. Kama zote mbili ziko ku ruta moja ya wifi, hata megas zimeisha, zinaweza kusikilizana. Ku mashini ya kwanza kliki ya kuume ku KAZI, Propriétés, «Partage», uipartaje. Ku ya pili uingie mu «Réseau» uione, Windows itakuuliza jina na neno la siri la mashini ya kwanza, kiisha ukokote na Alt mpaka ku biro. Hiyo rakursi itafunguka kila wakati mashini ya kwanza iko inawaka na zote mbili ziko ku ile ruta. Mukifungua fishie ileile wawili, Word itamuambia wa pili ni ya kusoma tu, na hiyo ni baraka, inamaanisha hamutakorije kila mutu upande wake.

Lakini usichanganye rakursi na kuweka akiba. Disk ikikufa, KAZI inakufa, na rakursi zote zinabaki kuonyesha pa tupu. Hapo kopi inakubaliwa, na ni hapo tu: disk ya inje, kila jumamosi, KAZI yote, dosie ikiwa na tarehe, kiisha unaichomoa na unaipeleka nyumbani. OneDrive (akiba ya Microsoft ku intaneti) inakupa Go 5 bure lakini na bei ya megas hapa kwetu nakuacha uhesabu mwenyewe. Tena uangalie, ku mashini zingine OneDrive inachukua biro na Documents inazipandisha ku intaneti bila we kujua vizuri, njo kwa nini nilikuambia D kwanza. Na umeme wetu unaujua: Word inaweka yenyewe kopi ya kuokoa kazi kila dakika 10 kama haujabadilisha kitu, dakika kumi za kupiga mashini ni ukurasa mzima, kwa hiyo Ctrl+S iwe mu vidole.

Usijaribu kupanga zile fishie zote za zamani leo, utachoka saa sita uache. Tengeneza mu KAZI dosie moja ZAMANI_2025, uchukue fishie zote ziko ku biro (LEO, DENI na rakursi uziache hapo) na mu Téléchargements, Ctrl+X, Ctrl+V mule. Mutu akirudi kuuliza kazi yake ya mwaka jana, ingia mu ZAMANI_2025, Ctrl+F, andika jina yake, zitatoka nne ao tano, panga kwa tarehe ya kubadilishwa, fungua ya juu mbele yake aihakikishe mwenyewe, kiisha njo uipeleke mu dosie yake. Na kabla ya kuimprime, muonyeshe namba ya version ku ekrani, aseme ndiyo kwa mudomo wake.